Jaribio la Mistari Mitatu

Nchi hii haimo katika ramani yoyote. Msomaji atakayedhani ameitambua na aangalie tena, huenda amejitambua mwenyewe tu.

Ilikuwa nchi tulivu, na ilijengwa upya kila siku saa nne asubuhi. Kazi hiyo ilifanywa na mashine iliyoitwa Mjenzi. Mjenzi alikusanya maandishi yote ya serikali, vipande maelfu kwa maelfu vilivyoandikwa kwa Javaskripti, lugha ambayo mashine huielewa na mawaziri huisifu, akavifunga pamoja vikawa kitu kimoja kilichoitwa Furushi. Kilichokuwamo ndani ya Furushi kilikuwepo nchini siku hiyo, na kisichokuwamo hakikuwepo. Liliwahi kusahauliwa daraja la mto mkubwa siku moja ya Jumanne, na magari yakazunguka kilomita sitini hadi Jumatano, ingawa kila dereva aliliona daraja limesimama palepale, limejaa kunguru.

Mjenzi alikuwa mvumilivu lakini hakuwa mwerevu. Ili afanye kazi za ziada alipachikwa programu-jalizi, ambazo wananchi walizifupisha wakaziita jalizi. Jalizi moja ilikusudiwa kupunguza urefu wa hotuba, nayo haikuwahi kuwashwa. Nyingine iliondoa maneno yasiyofaa kusikiwa na wageni. Iliyopendwa kuliko zote ni ile iliyoitwa Mpogoaji. Yeye alipita ndani ya Furushi kabla halijafungwa, akatafuta kila jina ambalo halikuitwa na andiko lolote la serikali siku hiyo, akalikata, kama mkulima akatavyo tawi lisilozaa.

"Nchi nyepesi ndiyo ikimbiayo," alisema Waziri wa Ujenzi wa Kila Siku alipokuwa akimzindua Mpogoaji, na kweli nchi ilikimbia. Mwaka wa kwanza tu tatizo la vijana wasio na kazi lilikwisha kabisa. Kijana asiye na shule wala kazi haitwi na mtu, asiyeitwa hukatwa, aliyekatwa hahesabiwi. Waziri alipewa nishani mbili, moja ya ajira na moja ya hesabu.

Ikapitishwa pia Sheria ya Kutoona, kwamba raia aliyemo ndani ya Furushi haruhusiwi kumwona asiyekuwamo. Watu wakaitii. Mtu huzoea kutoona upesi kuliko anavyozoea viatu vipya.

*

Bi Mwanaheri alijifunza kusoma akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, katika darasa la kisomo cha watu wazima lililofanyika ndani ya ghala kuukuu la pamba. Siku ya kufunga mafunzo Waziri alihudhuria, akala ubwabwa, na kwa furaha ya ubwabwa akaahidi kwamba wahitimu wote wataajiriwa. Ahadi ile iliandikwa na gazeti kabla wasaidizi hawajawahi kuizuia. Ndivyo Bi Mwanaheri alivyojikuta Msomaji Mwapishwa katika Jumba la Majaribio.

Sheria ilitaka kila jalizi ijaribiwe kila asubuhi kabla Mjenzi hajaanza kazi. Majaribio hayo yaliitwa ya kujiendesha yenyewe, na watu mia tatu na arobaini waliajiriwa ili yajiendeshe. Wataalamu walikuwa wameamua kwamba huwezi kuijaribu jalizi bila nchi ya kuijaribia. Kwa hiyo tangu alfajiri wafanyakazi wa Jumba walijenga Nchi ya Mfano: soko la mfano, mahakama ya mfano, mvua ya mfano iliyonyesha kwenye kona ya ukumbi, na Rais wa mfano aliyekohoa mara mbili kabla ya kusema chochote. Nchi hiyo ilihitaji watu. Waliopewa kazi ya kubuni majina ya watu wa mfano walichoka baada ya majina thelathini, wakachukua daftari la kweli la watu wazima la mwaka ule, wakalinakili lote. Hilo lilifanyika miaka sita nyuma, na tangu hapo hakuna aliyeongeza wala kupunguza.

Kisha wasomaji walisimama, kila mmoja na kurasa zake, wakayasoma majina kwa sauti, kwani Waziri hakuiamini mashine inayosoma kimya. "Asomaye kimya," alisema, "ana jambo." Kusoma kulichukua saa nne. Mpogoaji alipita kwa muda wa kupepesa jicho. Mwishowe mashine ililinganisha kilichotoka na Picha ya Matarajio iliyotundikwa ukutani. Vikifanana, taa ya kijani iliwaka. Visipofanana, Picha ya zamani ilitupwa, kilichotoka kikapigwa picha na kutundikwa mahali pake, na taa ya kijani iliwaka. Kwa utaratibu huo hakuna jaribio lililowahi kushindwa katika historia ya taifa.

Baada ya hapo Nchi ya Mfano ilibomolewa. Mvua ilikunjwa, Rais alifunikwa turubai. Saa hiyo ndiyo Bi Mwanaheri hakuipenda. Wasomaji wakiisha kunyamaza, majina hayakunyamaza nao. Yalibaki yakitembea kwenye korido ndefu, yakipisha na kupishana, kama watu waliotoka mazikoni ambao hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuaga.

*

Semeni, binti wa pekee wa Bi Mwanaheri, alimaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Shule ikaacha kumwita. Hakuna mwingine aliyeanza.

Jumatatu moja alitumwa kununua vitumbua kwa Mama Riziki, jirani yao, akarudi na sahani tupu.

"Vimekwisha?" mama yake akauliza.

"Vipo. Amenipita kwa macho, mama. Nimemshika mkono kusudi anione, akajikuna."

Bi Mwanaheri akakaa chini. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Wiki iliyofuata Semeni alishikwa na homa. Kwenye zahanati muuguzi alimtazama Bi Mwanaheri kwa upole, akapima joto la hewa, na kwenye daftari akaandika: Mama analalamika kuwa kiti kina homa. Kwenye mabenchi ya kungojea watu walimkalia Semeni mapajani, na yeye akajifunza kubana pumzi ili wasisumbuke. Lakini lililomtisha mama halikuwa hilo. Lililomtisha ni kwamba mtoto alianza kuzoea. Aliacha kubisha hodi. Aliacha kusalimia, kwa kuwa salamu isiyojibiwa humchosha mtoaji. Nyumbani, mapazia yakiwa yamefungwa, Bi Mwanaheri aliivunja sheria akamtazama mwanawe kwa macho yote mawili. Na ziko siku, hili hakumwambia mtu, alizolazimika kutazama mara ya pili ndipo ampate.

Na muda haukuwapo. Baada ya siku ishirini ilikuwa inakuja sherehe ya Toleo Kuu, Furushi litakalofungwa mara moja na kutumika bila kujengwa tena kwa miaka kumi. Ambaye hatakuwamo siku hiyo hangeweza kurudishwa, sheria ilisema, ila kwa ridhaa ya raia wote kwa kauli moja. Na raia wote wa nchi ile hawakuwahi kukubaliana kwa kauli moja hata juu ya siku ya mwezi.

*

Asubuhi moja Bi Mwanaheri alimwaga chai juu ya ukurasa wa mia nne na saba. Jina moja likalowa lisisomeke, la Hatibu Mang'enya, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Kwa aibu akaliruka. Jioni alipopita mtaa wa pili alimkuta Hatibu amesimama mlangoni pa duka lake mwenyewe, akimpungia mkono mkewe, naye mkewe akifagia na kuupitisha ufagio juu ya miguu yake.

Siku ya pili, ukurasa ukiwa umekauka, Bi Mwanaheri alilisoma jina lile kwa sauti kubwa kuliko mengine. Jioni Hatibu alikuwa akigombana na mkewe kama kawaida.

Akamwendea Bwana Mfaume, Msikilizaji Mkuu wa Jumba, mzee aliyeketi nyuma ya wasomaji na kufuatisha kila ukurasa kwa kidole.

"Bwana Mfaume, juzi niliruka jina."

"Nilisikia. Nikajifanya napiga chafya."

"Na mke wa Hatibu akamfagia mumewe."

"Mke mwema yule. Anafuata sheria."

"Kumbe watu wa nchi hii wapo kwa sababu sisi tunawasoma humu?"

Bwana Mfaume akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena bila haraka.

"Dada Mwanaheri," akasema, "wizara nyingine zote ziliacha kuita watu kwa majina siku nyingi. Zinaita namba. Mpogoaji hajui namba, anajua majina. Na haya majaribio yetu nayo ni maandishi ya serikali, hakuna aliyekumbuka kuyatenga. Sasa usiniulize zaidi. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nisiyoyajua ni mengi, na nimeyatunza vizuri."

Bi Mwanaheri akarudi kwenye meza yake. Watu walio hai, wenye maduka na magomvi, walikuwa hai kwa kuwa kila asubuhi walichezwa kama mfano. Na mwanawe, aliyekuwa mtu mzima baada ya daftari kunakiliwa, hakuwa hata mfano. Angetaka kumsoma. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kila msomaji alikuwa ameapa, mkono juu ya kamusi, kwamba atasoma kilichopo wala hatazaa. Na aliyeongeza jina alishitakiwa kwa kuzaa bila kibali.

Njia nyingine ilikuwapo, na ilikuwa halali. Msomaji yeyote aliruhusiwa kupendekeza jaribio jipya. Hakuna aliyewahi, kwa kuwa kila mtu aliamini jaribio jipya lazima lijengewe nchi mpya, pamoja na mvua yake.

Bi Mwanaheri akaukumbuka ubao mweusi wa kule ghalani. Mwalimu wao hakujenga maktaba ili kuwafundisha a. Aliandika a, akauliza, hii ni nini? Akajibiwa. Ukawa mwisho wa somo, na ndio uliokuwa mwanzo wa kila kitu. Akachukua kalamu.

*

Bwana Mfaume aliisoma karatasi ile, akaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Karatasi ilisema:

Mpe Mjenzi mtu mmoja, Semeni binti Mwanaheri.
Mwache Mpogoaji apite.
Uliza: Semeni yupo? Tarajia: yupo.

"Mvua iko wapi?"

"Haihitajiki."

"Soko?"

"Hatuuzi kitu."

"Na Rais?"

"Hahitajiki."

Bwana Mfaume akautazama mlango. "Hilo la mwisho," akasema kwa sauti ya chini, "usimwambie mtu mwingine." Kisha, kwa sababu ambayo hakuwahi kuieleza, labda kwa kuwa hata yeye alikuwa na wajukuu waliokuwa wakikaribia mwisho wa shule, akaigonga muhuri.

Jaribio liliendeshwa kesho yake. Halikujengewa kitu wala halikubomolewa kitu. Kabla Rais wa mfano hajamaliza kikohozi cha pili taa ya kijani ilikuwa imekwisha kuwaka. Na kwa kuwa jina la Semeni sasa lilikuwa limeitwa na andiko la serikali, Mpogoaji alimpita akamwacha.

Saa tano Semeni alisimama mbele ya karai la Mama Riziki, asiseme neno, maana alikwisha kusahau kwamba kusema kunafaa.

"We Semeni," Mama Riziki akasema, "mbona unanisimamia kama mdai? Vingapi?"

Semeni akafungua mdomo, sauti ikachelewa kutoka. "Vitano, shikamoo."

"Marahaba. Siku hizi mmekuwa watu wakubwa, hata kutusalimia hamji."

Alivila vyote njiani. Nyumbani mama yake alimkuta amesimama mbele ya kioo, akinyoosha nywele, akigombana na kichana. Bi Mwanaheri akatoka nje, akaegemea ukuta, akalia kwa adabu, leso mdomoni, asimharibie mtoto siku yake.

*

Habari ya jaribio linalokwisha kabla ya kikohozi ilimfikia Waziri. Akaja mwenyewe Jumbani, na msafara wake, na mwandishi wa kuandika alichokusudia kusema.

"Ndugu zangu," akasema, "kwa muda mrefu tumejaribu mambo magumu kwa njia ngumu. Kuanzia leo tutajaribu mambo magumu kwa njia rahisi, na yakifaulu yatakuwa mambo rahisi. Mama huyu juzi tu alikuwa hajui kusoma. Leo sisi tuliosoma hatuna la kuongeza juu yake isipokuwa kupunguza."

Makofi yakapigwa. Akatangaza Mpango wa Taifa wa Kurahisisha. Nchi ya Mfano, yenye kurasa zake elfu moja na saba, itachomwa moto asubuhi ya Toleo Kuu. Taifa litabaki na jaribio moja, lile la mistari mitatu. Wasomaji wataendelea kulipwa, kwa kuwa waliahidiwa kazi, ila hawatasoma.

Bi Mwanaheri aliacha kupiga makofi. Aliziona zile kurasa, jina moja baada ya jingine: Hatibu Mang'enya na mkewe, Mama Riziki, muuguzi wa zahanati, Bwana Mfaume. Alijua pia mahali alipo yeye mwenyewe, ukurasa wa mia mbili na kumi na sita, kati ya Mwanahamisi na Mwanaidi. Zote zikichomwa, nani atawaita? Shule zenyewe zilikuwa likizo.

Waziri akampa mkono. Ulikuwa mkono laini, wenye joto.

"Mama, jaribio lako limefaulu au halikufaulu?"

"Limefaulu, Mheshimiwa. Ila..."

"Na huyo binti yupo?"

"Yupo."

"Basi. Kuna neno?"

Neno lilikuwapo. Lilikuwa limepanda kifuani likafika kwenye meno. Angelisema, wangeuliza ni nini hasa kinachomweka Semeni, wangegundua kwamba jaribio lile linamwita, wangeliita udanganyifu na kulichana. Na zilibaki siku nne. Akamwona moyoni Semeni na kichana chake. Akalimeza neno, na lilikuwa na ncha.

"Hakuna, Mheshimiwa."

Nyuma yake Bwana Mfaume akapiga chafya.

*

Siku ya Toleo Kuu watu thelathini elfu walijaa uwanja wa taifa. Mapipa yaliwashwa katikati ya nyasi, kurasa zikatiwa humo kwa mafungu, na watumishi wa Jumba wakasimama kwa mistari wakiwa wameamriwa kunyamaza. Kwa heshima ya siku ile ilitandazwa pia mvua ya mfano, ambayo ilijitahidi kunyesha, lakini haikuwa imeandikwa kuzima moto wa kweli. Majivu yakapanda. Baadhi ya waliokuwa karibu walisema waliyasikia yakinong'ona.

Saa nne Mjenzi akaanza. Likafanywa jaribio moja. Taa ya kijani ikawaka. Furushi likatoka, dogo kuliko yote katika historia, na Waziri akalinyanyua kwa ncha ya kidole mbele ya umma ili ulione lilivyo jepesi.

Akakisogelea kipaza sauti. Kipaza sauti kikazima, kwa kuwa hakikumjua. Akageuka kumtazama fundi, na hapo ndipo akaona.

Sheria ya Kutoona iliwafunga waliomo ndani ya Furushi peke yao. Sasa uwanjani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemo ndani ya Furushi, na sheria haikuwa na wa kumfunga. Uwanja ule wa viti thelathini elfu ulikuwa na watu sitini elfu. Kila kiti kilikuwa na wawili, mmoja amemkalia mwenzake. Wale wa chini walikuwa vijana, wamebana pumzi, nyuso zao zimetulia kama nyuso za watu waliokwisha kufika wanakokwenda. Kelele hazikutoka. Watu walishuka mapajani mwa watu polepole, kama mtu ashukaye kutoka juu ya kaburi alilolikanyaga bila kujua.

Mama Riziki alijikuta amemkalia mtoto wa dada yake, ambaye ukoo mzima uliamini ameondoka kwenda ng'ambo kutafuta maisha.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Hapahapa, mama mdogo," kijana akajibu. Kisha akaongeza, bila ubaya, "Wewe ni mzito."

Milango ya ofisi ilikataa kufunguka, magari ya msafara yakakataa kuwaka, na askari wa Waziri wakaulizana nani alimpa nani amri. Nchi nzima ilikuwa na raia mmoja. Alikuwa nyumbani, anafua.

*

Walimfuata kwa unyenyekevu mkubwa. Mlango wa Jumba la Majaribio ulipomwona Semeni ulifunguka wenyewe, na mashine ikamwamkia. Bwana Mfaume akamletea kiti, akamsomea sheria kwa sauti yake ya kiofisi: asiyemo atarudishwa kwa ridhaa ya raia wote kwa kauli moja.

"Raia wote ni nani?" Semeni akauliza.

"Ni wewe, mjukuu wangu."

"Na hii Sheria ya Kutoona, naruhusiwa kukuona?"

"Huruhusiwi. Ila ukiiona haifai, wewe pia ndiwe bunge."

Semeni akafikiri kidogo, akainua mkono wake mmoja, akauhesabu, akaushusha. Sheria ikawa imefutwa. Kisha akavuta karatasi. Alikuwa amesoma kazi ya mama yake na kuielewa: mtu mmoja, jaribio moja, mistari mitatu. Hakuhitaji nchi ya mfano. Alihitaji kila mtu aje amtajie jina.

Wa kwanza kufika alikuwa Waziri, aliyekuwa amepita mbele ya watu kwa mazoea.

"Jina lako?" Semeni akauliza, kalamu tayari.

"Mheshimiwa."

"Hicho ni cheo, baba. Jina."

Waziri akakunja uso. Akataja udaktari wake na uprofesa wake na nishani zake mbili. Semeni akangoja. Waziri akawageukia wasaidizi, nao wakatazamana, kwani wote walimwita Mheshimiwa, na mkewe pia, na tangu mama yake afariki hakuna aliyewahi kumwita vingine. Midomo yake ikajaribu jina moja, ikaliacha, ikajaribu jingine.

"Nenda ukalitafute taratibu," Semeni akamwambia kwa huruma. "Ukilipata, njoo. Watu ni wengi, hutatukosa."

Wa pili alikuwa mama yake. Semeni alikwisha kuandika herufi tatu za mwanzo Bi Mwanaheri alipoushika mkono wake.

"Ngoja. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua kwamba wakizichoma kurasa, watu wote watakatika. Waziri aliniuliza kama kuna neno, nikasema hakuna."

Semeni akaiweka kalamu chini. "Ulinyamaza kwa ajili yangu."

"Ndiyo. Lakini nilinyamaza. Na hawa wa chini ya viti, nilipita kwao miaka yote nikaangalia pembeni. Mimi nilivunja sheria kwa mtoto wangu tu." Akaichukua ile karatasi yenye herufi tatu, akaikunja, akaitia ndani ya fundo la kanga. "Anza na wao."

Akatoka nje. Foleni ilishuka ngazi za Jumba, ikavuka barabara, ikazunguka soko, na Bi Mwanaheri akaifuata kwa miguu hadi mwisho wake, mwendo wa robo saa, akipita nyuso ambazo hakuwahi kuziona na ambazo, kwa namna zilivyomtazama, zilikuwa zikimwona kila siku. Wengine walimwamkia. Alizipokea shikamoo zile kama mtu apokeaye vitu vya kuazima.

Mwisho wa foleni alisimama mwanamke wa miaka ishirini na miwili hivi, na mtoto mgongoni. Mtoto alimkodolea macho Bi Mwanaheri asipepese.

"Usijali, mama," mwanamke akasema. "Ana miaka miwili. Hajawahi kutazamwa na mtu mwingine ila mimi, ndiyo maana anakushangaa." Akamwangalia vizuri. "Wewe ndiwe wa ukurasa wa mia nne na saba."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nakaa chini ya dirisha lenu, miaka minne sasa. Hapakuwa na mahali pengine nilipokuwa nasikia watu wakiitwa. Mwanzoni ulikuwa unasoma kwa kuvuta, kisha ukawa unasoma vizuri. Kila asubuhi nilikuwa nangoja ufike kwangu."

Bi Mwanaheri akasogea karibu. Akamgusa mtoto shavuni, mtoto akaudaka ule mkono akaung'ang'ania.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Tausi binti Salehe. Huyu ni Mashavu."

Bi Mwanaheri akanyoosha mgongo kama anyooshavyo mbele ya ukurasa, akayasoma majina yale mawili kwa sauti, bila karatasi. Aliyekuwa mbele yao kwenye foleni akageuka, akasikiliza, kisha akataja la kwake.